Miezi Miwili Inauzwa kwa Bei Gani?

Wako watu, na baadhi yao wameketi katika viti vya heshima, ambao husema kwamba mgonjwa wa saratani ya tumbo ambaye dawa za kwanza zimeshindwa kumsaidia hana budi kurudishwa kijijini akafie kwa ndugu zake, kwa kuwa nchi maskini haina fedha za kuchezea. Wako na wengine, hasa wale waliokwisha kuzoea kudhani kwamba kila chenye thamani hutoka ng'ambo, ambao huuza shamba na nyumba na kupitisha daftari la michango maofisini na mashuleni, ili mgonjwa wao apelekwe India akapate "dawa mpya". Makundi hayo mawili huonekana kana kwamba yanapingana. Kwa kweli yanaimba wimbo mmoja, maana yote mawili yamekubali kwamba uhai wa binadamu hupimwa kwa uzito wa mkoba wake.

Biashara ya matumaini hustawi pale ambapo watu hawana takwimu. Kwa hiyo takwimu zitangulie. Saratani ya tumbo iliyokwisha kuenea kwa kawaida hutibiwa kwanza kwa mchanganyiko wa dawa za jamii ya platini na za jamii ya fluorourasili. Tangu mwaka 2021 nchi tajiri zimeanza kuongeza dawa za kuamsha kinga ya mwili. Ugonjwa hutulia kwa miezi kadhaa, kisha huzizoea dawa na kuanza kukua upya. Hapo ndipo swali la tiba ya pili linapozuka.

Mwaka 2014 jarida la kitabibu la Lancet Oncology lilichapisha matokeo ya jaribio lililoitwa RAINBOW. Wagonjwa 665 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa paklitakseli pamoja na ramusirumabu, na la pili lilipewa paklitakseli pamoja na dripu isiyo na dawa. Paklitakseli huzuia chembe za saratani zisigawanyike. Ramusirumabu huziba njia ambayo uvimbe huitumia kujioteshea mishipa ya damu. Katika fungu la kwanza, nusu ya wagonjwa waliishi kupita miezi 9.6. Katika fungu la pili, nusu waliishi kupita miezi 7.4. Tofauti ni miezi miwili na siku chache.

Asitokee mtu wa kuibeza miezi miwili. Mwalimu aliyebakiza muhula mmoja kufikisha darasa lake kwenye mtihani anaijua thamani yake, na mzee anayetaka kugawa mashamba mbele ya mashahidi, asije akawaachia watoto ugomvi, anaijua zaidi. Lakini wauzaji wa dawa nao wanaijua, na ndiyo maana waliipangia bei ambayo Waingereza wenyewe waliikataa. Mnamo Januari 2016 taasisi ya Uingereza inayoamua ni dawa zipi zigharimiwe na huduma ya afya ya umma ilitangaza kwamba ramusirumabu haipendekezwi kwa saratani ya tumbo, kwa sababu faida yake hailingani na gharama. Uingereza ni nchi tajiri. Iwapo hazina yake ilisita, ni busara gani inayomtuma karani wa Tabora kuuza nyumba yake?

Tena yapo mambo ambayo wapambe wa "dawa mpya" hawayasemi. Jaribio hilo lilifanyika katika vituo 170 vya nchi 27 za Amerika, Ulaya, Asia na Australia, Afrika haikuwamo. Waliopokelewa walikuwa wagonjwa wenye nguvu, wanaotembea na kujihudumia wenyewe. Hata hivyo, katika fungu la dawa mbili, upungufu mkubwa wa chembechembe nyeupe za damu uliwapata wagonjwa wapatao 40 katika kila 100, ambapo katika fungu la dawa moja uliwapata 19. Mgonjwa wa namna hiyo akishikwa na homa usiku, anahitaji hospitali yenye maabara na viuavijasumu papo hapo. Kumwekea dawa hiyo na kumpandisha basi la kurudi wilayani ni kumhatarisha.

Je, hoja hizi zinawapa ushindi wale wanaosema mgonjwa arudishwe nyumbani? Hata kidogo, na hapa ndipo penye kiini cha mgogoro. Majaribio mengine yalilinganisha dawa moja tu, ya zamani, na uangalizi wa kutuliza maumivu peke yake. Uingereza, katika jaribio la wagonjwa 168 lililochapishwa mwaka huo huo wa 2014, waliopewa dositakseli waliishi miezi 5.2 na wasiopewa miezi 3.6, tena waliopewa walisema maumivu yao, kichefuchefu na kutapika vilipungua. Korea Kusini walipata jibu la namna hiyo mwaka 2012 kwa dositakseli au irinotekani. Nchini Japani, mwaka 2013, paklitakseli na irinotekani zilionekana kukaribiana. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya faida ya tiba ya pili inapatikana kwa dawa ambazo hataza zake zimekwisha, zinazotengenezwa na viwanda vingi, na ambazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Anayesema nchi haina uwezo wa tiba ya pili anachanganya ramusirumabu na paklitakseli, ama kwa kutojua, ama kwa kutotaka kujua.

Na historia ya paklitakseli ni somo la siasa kwa yeyote anayeamini kwamba dawa ni zawadi ya mabepari kwa wanadamu. Magome ya mti ilimotoka yalikusanywa na watumishi wa serikali ya Marekani mwaka 1962, na utafiti wake ukalipiwa miaka mingi na fedha za walipa kodi. Mwaka 1991 serikali hiyo iliikabidhi kampuni ya Bristol-Myers Squibb kazi ya kuifikisha sokoni. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walieleza mwaka 2003 kwamba umma ulitumia dola milioni 484 katika utafiti wa dawa hiyo, kampuni ikauza kwa dola bilioni 9, na serikali ikarudishiwa mrabaha wa dola milioni 35. Mirija ya namna hiyo ilipata kuelezwa sana katika kurasa za magazeti ya Chama, na walioicheka lugha hiyo wanaweza sasa kuzisoma hesabu zenyewe.

Basi tatizo la hapa liko wapi? Paklitakseli hutolewa siku ya kwanza, ya nane na ya kumi na tano ya kila wiki nne. Mgonjwa wa Sumbawanga akilazimika kuifuata Dar es Salaam, nauli na malazi humla kabla saratani haijamla. Hospitali ya Ocean Road ilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya Wazungu. Mwafrika alikuwa na kwake pengine. Uhuru uliuvunja ubaguzi huo, na mwaka 1996 ikawa taasisi ya saratani ya taifa zima. Haitakuwa haki mlango uliofunguliwa kwa rangi zote ufungwe tena kwa nauli. Bugando na KCMC zimekwisha kuonyesha kwamba dripu ya saratani haihitaji upepo wa Bahari ya Hindi. Kinachohitajika ni wauguzi waliofunzwa, maabara ya damu inayofanya kazi, mofini ya kunywa isiyokosekana, na dawa zenyewe kuwapo rafuni siku ya nane kama zilivyokuwapo siku ya kwanza. Dozi iliyokatika katikati ni ubadhirifu kuliko dozi isiyoanza.

Liko jambo jingine, ambalo fedha zake ni chache na faida yake ni kubwa. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, baada ya kutafuna vidonge vya kutuliza tumbo miaka na miaka, wakiambiwa na kila muuza duka kwamba ni "vidonda" tu. Mdudu aitwaye helikobakta pilori, aliyegunduliwa na Warren na Marshall huko Australia na kuwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2005, alitangazwa tangu mwaka 1994 kuwa kisababishi cha saratani ya tumbo. Hutibiwa kwa vidonge, kwa wiki mbili hivi. Katika visiwa vya Matsu, Taiwan, ambako wakazi walipimwa na kutibiwa kwa jumla kuanzia mwaka 2004, saratani hiyo imepungua kwa nusu.

Nchi hii haikosi mfano wake yenyewe. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi mbele ya redio, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Mwalimu anayeweza kufundisha mzunguko wa maji hashindwi kufundisha kwamba mtu mzima anayepungua uzito, anayeshiba kwa matonge mawili au anayepata choo cheusi kama lami, apelekwe kwenye kipimo cha kamera ya tumboni, wala asiongezewe vidonge.

Mtumishi wa umma hukatwa asilimia 3 ya mshahara wake kwa ajili ya bima ya afya, na mwajiri huongeza asilimia 3 nyingine. Nayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inakusudia kuwaingiza na wakulima. Fedha hizo ni za jasho. Wenye jasho lao wana haki ya kuuliza, katika mikutano ya vyama vyao vya wafanyakazi, ni hospitali ngapi za kanda zenye kamera nzima ya tumbo na mtaalamu wa kuitumia, na ni siku ngapi katika mwaka uliopita paklitakseli ilikosekana rafuni. Majibu ya maswali hayo mawili hupatikana katika vitabu vya stoo, na vitabu vya stoo vinaandikwa na watumishi hao hao.