Malaika ya Makeba imeshinda ya Fadhili, tukubali

Ndugu zangu wa carré, na ninyi mama mnaobaki nyumbani na watoto, leo tuache kidogo bei ya dhahabu. Juma iliyopita, kwa kinyozi mmoja hapa Bunia, vijana wawili waliotoka Mongbwalu walibishana karibu kupigana. Juu ya nini? Juu ya wimbo! Mmoja alisema Malaika ni ya Miriam Makeba. Mwenzake akasema: « Hapana mukubwa, ile iko ya Fadhili William, Makeba alirudilia tu. »

Kuhusu asili, wa pili alisema kweli. Fadhili William, Mkenya, alirekodi Malaika huko Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. (Hata hapo kuna mabishano: wengine wanasema mtunzi ni Adam Salim, Mtanzania.) Lakini mimi niko upande wa kijana wa kwanza. Makeba amemshinda.

Sikilizeni ile ya Fadhili: gitaa laini, mwendo mtamu, kijana anaeleza shida yake karibu na tabasamu. Na shida yenyewe mnaijua kuliko mtu yeyote: anapenda msichana, anataka kumuoa, mahari hakuna. Wangapi kwetu wameshuka shimoni juu ya mbuzi na ng'ombe za baba mkwe? Unasema miezi mitatu tu, halafu mwaka unapita, na msichana ameolewa na négociant.

Makeba anaimba polepole. Kiswahili si lugha yake, alikuwa mtu wa Afrika Kusini, na matamshi yake yanaweza kumchekesha mtu wa pwani. Mimi hayanichekeshi. Mwaka 1960 serikali ya kwao ilimkatalia kurudi, hata kumzika mama yake hakuweza. Basi mwanamke wa namna hiyo akiimba juu ya mtu anayetamani kitu na njia imefungwa, unasikia kwamba anajua. Mwaka 1965 aliutoa katika diski pamoja na Harry Belafonte, na diski ile ikapata tuzo ya Grammy. Boney M. nao waliurudilia mwaka 1981, wa kuchezea. Huo tuuache.

Kazi ya mchanga mnaijua. Mmoja anavunja jiwe, anasaga, anaosha, anachukua chake na kuacha mchanga. Kesho mwingine anauosha tena mchanga uleule kwa uvumilivu, na siku nyingine anapata kuliko wa kwanza. Si mwizi. Lakini aliyetoboa shimo ana sehemu yake, na PDG akisahau hilo kunakuwa vita.

Kwa muziki wanasahau mno. Solomon Linda, Mzulu, alirekodi Mbube huko Johannesburg mwaka 1939. Mwaka 1961 The Tokens wa Marekani waliuimba kwa maneno mengine, ukazunguka dunia nzima. Linda alikuwa ameuza haki yake kwa shilingi kumi. Alikufa 1962 katika umaskini, na watoto wake walifikia mapatano ya malipo mwaka 2006 tu.

Ndiyo maana yule kijana wa pili sikumlaumu kwa hasira yake. Na ninyi wanamuziki wetu mnaopiga nyimbo za watu kwenye ndoa kila Jumamosi, jaribuni kuzishinda, tutawapigia makofi. Ila kabla ya gitaa kuanza, chukueni micro mtaje jina la mwenye wimbo.