Uhaba Uliopigwa Chapa

Mkusanyaji ni mtu wa hesabu. Awe anakusanya stampu, sarafu ama kauri za pwani, hutangulia kujua idadi ya vitu anavyovitaka, kisha huvitafuta kimoja kimoja mpaka nafasi ya mwisho katika daftari lake ijae. Furaha yake imo katika nafasi ile ya mwisho. Mwondolee mwisho wa kazi yake, na umemwondolea kazi yenyewe. Hilo ndilo walilotendewa wakusanyaji wa kadi za michezo katika nchi ya Marekani, na waliowatenda ni watu wale wale wanaowauzia kadi.

Kwa wasiozijua, kadi hizi ni vipande vya karatasi ngumu vinavyoenea kiganjani, mbele vikiwa na picha ya mchezaji, nyuma vikiwa na hesabu za michezo yake. Zamani zilitiwa ndani ya pakiti za sigara; baadaye zikauzwa pamoja na chingamu. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ya Brooklyn ilitoa seti ya wachezaji wa besiboli yenye kadi 407. Mtoto aliyeingia dukani na senti zake tano alijua kwamba ni 407, si zaidi. Aliyepata kadi mbili za mchezaji mmoja alibadilishana na jirani yake. Kazi ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa na mwisho, na waliofika mwisho walijulikana mtaani.

Siku zile kadi ikiwa adimu, uadimu wake ulikuwa na kisa. Kadi ya Honus Wagner, iliyotolewa na kampuni ya tumbaku kati ya 1909 na 1911, ilisimamishwa mapema, na husemwa kwamba mwenyewe hakupenda picha yake iuze sigara. Fungu la mwisho la seti ya 1952 lilitoka wakati msimu ulipokuwa ukielekea kwisha, likadoda. Mwaka 1960 Topps ilizipakia kadi zilizobaki katika tishari ikazitosa katika bahari ya Atlantiki. Kadi moja ya Mickey Mantle ya fungu hilo, iliyotunzwa vizuri mno, iliuzwa mnadani Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Wazitosao kadi baharini hawakuwa wakitengeneza hazina. Walikuwa wakifagia ghala.

Uharibifu ulianza kwa wingi, si kwa uchache. Kutoka 1981 washindani wapya waliingia katika biashara hii, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mitambo ilikuwa haipumziki. Watu wazima walinunua masanduku mazima wakayaweka darini, wakitumaini kwamba yatawasomeshea watoto. Masanduku hayo leo hayana thamani ya mahali yanapokaa. Wenye viwanda walipoona kwamba mnunuzi amekwisha tambua wingi huo, hawakupunguza kupiga chapa. Walitafuta njia ya kuuficha.

Njia hiyo ilianza kwa upole, na si haki kuwalaumu wa mwanzo. Mwaka 1990 Upper Deck ilitia ndani ya pakiti zake kadi 2,500 zenye sahihi ya mkono wa Reggie Jackson. Mwaka 1991 Donruss ilitoa kadi za nyongeza zenye nambari, 10,000 kwa kila mchezaji, na wakati ule 10,000 ilihesabiwa kuwa kidogo! Mwaka 1993 Topps ilitoa seti iitwayo Finest, kadi 199, na kila kadi ikawa na pacha wake: picha ile ile, maneno yale yale, illa pacha alimeremeta rangi za upinde wa mvua alipogeuzwa kwenye mwanga. Inakisiwa kwamba kila pacha alipigwa chapa nakala 241 tu. Walioziona wanasema zilikuwa nzuri, na zilikuwa nzuri kweli. Pacha mmoja ni starehe. Mkusanyaji mwenye bidii angeweza kujaribu kuzipata zote 199 pia.

Lakini tamu ikizidi huumiza meno. Mwaka 1997 zilitoka kadi za madini za Fleer, nakala 100 kwa kila mchezaji, kumi za kwanza za kijani na tisini nyekundu. Na mwaka huo huo zikatoka kadi zilizoandikwa kwamba ni moja tu duniani. Mlango ukafunguka. Leo picha moja hutolewa kwa rangi ya fedha, buluu, zambarau, kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi na dhahabu. Kisha kwa mawimbi, kwa barafu iliyopasuka, kwa michirizi ya chuimilia na kwa ngozi ya nyoka. Na rangi nyingine hazipatikani ila katika masanduku ya aina fulani ya duka.

Hesabu kidogo itaonyesha hila ilipo. Tuseme mchezaji mmoja ana kadi moja katika seti moja, na pacha wake wamepewa nambari za mwisho 499, 299, 199, 150, 99, 75, 50, 25, 10, 5 na 1. Kila mwenye mmojawapo huambiwa kwamba ameshika kitu adimu. Ukijumlisha, vitu adimu hivyo ni 1,412, na wale pacha wasio na nambari hawajahesabiwa bado, wala kadi ya kawaida. Zidisha kwa seti nyingi anazotokea mchezaji huyo katika mwaka mmoja, na utaona kwamba wingi wa miaka ya 1980 haukuondoka, bali umevikwa nguo za rangi rangi.

La kuchekesha zaidi ni habari ya kadi ya pekee. Kadi ya rangi hupigwa chapa kwa mabamba manne: la samawati, la zambarau nyekundu, la manjano na jeusi. Wenye viwanda walitambua kwamba hata mabamba yanaweza kuuzwa. Basi bamba hutiwa ndani ya pakiti, nalo huandikwa kwamba ni moja tu duniani. Kwa hiyo picha moja yaweza kuwa na kadi moja ya dhahabu iliyo ya pekee, na mabamba manne, kila moja la pekee. Vitu vya pekee vitano vya mtu mmoja, katika picha moja!

Wanaoitetea biashara hii husema kwamba hakuna anayelazimishwa: anayetaka seti ya kawaida na aikusanye, na anayependa rangi awinde rangi. Jibu hilo lingefaa kama vitu hivyo viwili vingeuzwa mbalimbali. Mwuza kanga huonyesha nakshi moja kwa rangi tatu, na mnunuzi hutazama, huchagua, kisha hulipa. Mwuza kadi huuza mbuzi kwenye gunia. Bei ya sanduku haipangwi kwa kadi za kawaida zilizojaa ndani yake, bali kwa ile moja ambayo huenda haimo. Na anayetaka seti tu hulipia bahati nasibu ya wengine. Ndiyo sababu wako watu wafunguao masanduku wakaacha kadi za kawaida juu ya meza ya duka kama maganda ya karanga. Naye anayemkusanya mchezaji mmoja tu, ambaye zamani kazi yake ilikuwa nyepesi kuliko zote, sasa ana kazi isiyowezekana: kadi ya pekee ikiisha kuingia mikononi mwa mwingine, daftari lake halitajaa milele.

Wenye elimu zaidi huleta hoja nyingine, nayo ni hoja nzuri. Husema kwamba kadi zile za tumbaku za 1909 hadi 1911, ziheshimiwazo kuliko zote, zilikuwa na matangazo ya tumbaku za namna 16 nyuma yake, na wako wakusanyaji wanaotafuta kila tangazo. Ni kweli. Lakini matangazo yale yaliwekwa ili kuuza tumbaku za namna 16. Tofauti zilizaliwa na kazi nyingine, na wakusanyaji ndio waliozigundua baadaye. Pacha wa leo hana kazi yoyote duniani ila kuwa tofauti na ndugu yake.

Tena si kila kadi ya pekee ni ya uongo. Mwaka 2024 Topps ilitia katika pakiti kadi ya Paul Skenes yenye sahihi yake na kiraka alichovaa begani siku ya mchezo wake wa kwanza katika ligi kuu. Siku ya kwanza ni moja, na kiraka ni kimoja. Kadi hiyo ilipatwa na mtoto wa miaka 11, na Machi 2025 ikauzwa kwa dola milioni 1.11. Mtoto yule na apewe mkono wa heri. Ila habari yake ilienea magazetini kama ienezwavyo habari ya aliyeshinda bahati nasibu, na walioichukua ni wanunuzi wa masanduku mengine.

Neno la kamari halikutungwa na watu wenye chuki. Pakiti nyingi zimeandikwa kwamba si lazima kununua, kwamba mtu aweza kutuma maombi akapata nafasi ya kushinda kadi za nyongeza bila ya kulipa. Na maneno hayo hayaandikwi kwenye mfuko wa sukari. Wanunuzi walipokwenda kushtaki, mahakama ya rufani ya mzunguko wa tisa iliamua mwaka 2002 kwamba aliyekosa kadi aliyoitamani hakupata hasara ya mali, kwa kuwa alilipia pakiti na akapewa pakiti. Masikitiko yake si mali. Mahakama haikusema kwamba mchezo ule si kamari. Ilisema tu kwamba waliosikitika si watu wa kuushtaki.

Wanachokidai wakusanyaji wastahimilivu si kikubwa. Hawasemi rangi zikomeshwe. Wanataka idadi ya nakala zote za kila picha, kuanzia ile ya kawaida mpaka ile ya dhahabu, itangazwe mahali mnunuzi atakapoiona kabla ya kutoa fedha. Kiwanda hakiwezi kujibu kwamba hesabu hiyo ni taabu. Tangu 2016 Topps huuza kadi za tukio la siku moja, zikiagizwa kwa muda mfupi tu, na dirisha la mauzo likifungwa hutangaza kwa tarakimu kamili ni ngapi zilizopigwa chapa. Lililobaki ni kuwaeleza wanunuzi kwa nini tarakimu hizo hukoma kwenye mlango wa pakiti zilizofungwa.