Masisi–Goma: Amande ya parkingi isiyo na kibao wala risiti ni baryeri nyingine

Motari anayetoka Lushebere asubuhi, akiwa amepakia mama mmoja na gunia lake la maharagi, anajua vizuri kinachomngoja njiani. Kutoka Katale hadi Sake anajua palipo na kamba, palipo na mti uliolazwa barabarani, na mkono utakaonyooshwa. Lakini akiisha kuingia Goma hakuna kamba tena. Kuna kona, kuna soko, kuna watu wengi. Anasimama mama ashuke na gunia. Mtu anakuja mbio, anachomoa ufunguo wa pikipiki na kusema: "Umeparki mubaya, lipa amande."

Hapo wengi wanalipa bila kuuliza neno. Wanalipa kwa sababu wamezoea. Mtu aliyelipa njia nzima hatofautishi tena sheria na baryeri. Na hilo ndilo shida kubwa kuliko pesa zenyewe: watu wa Masisi wamefundishwa kwa miaka mingi kwamba barabara ni kitu cha kununuliwa kila siku, na anayeuza ni yule aliyesimama mbele yako.

Sheria ya barabarani iko, na si mbaya. Kongo ina kode ya barabara, sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Inatenganisha mambo mawili ambayo wamotari wengi wanayachanganya, na ambayo baadhi ya wanaowakamata wanapenda yachanganywe: kusimama na kuparki. Kusimama ni muda ule tu unaohitajika ili abiria apande au ashuke, au mzigo upakiwe ao ushushwe. Ukipita muda huo, ukaenda kunywa chai ao kutafuta abiria mwingine, umeparki. Motari anayeshusha mama na gunia lake pembeni ya barabara hajaparki. Amesimama. Akikamatwa kwa "parkingi", neno la kwanza la kujitetea ni hilo.

Lakini kuna mahali ambapo hata kusimama kidogo ni kosa. Mdomoni mwa njia panda, ndani ya kona, juu ya daraja, juu ya kilima ambapo anayetoka upande wa pili hakuoni, juu ya njia ya watembea kwa miguu: huko si pa kusimama, hata kama abiria anapiga kelele kwamba amefika. Na kuna vibao viwili vinavyofanana ambavyo kila motari angepaswa kuvijua. Vyote ni duara la buluu lenye ukingo mwekundu. Chenye mstari mmoja mwekundu uliolala mshazari kinakataza kuparki, lakini kushusha mtu kunaruhusiwa. Chenye mistari miwili inayokatana kinakataza vyote viwili.

Wamotari nao wasijifanye malaika. Pale rond-point, mbele ya soko, pikipiki zinapangwa mistari mitatu, barabara inabaki upana wa chukudu moja. Gari lenye mgonjwa linapiga honi bure. Watoto wanaotoka masomoni wanapita katikati ya magari kwa sababu pembeni pamejaa. Polisi wa rulaji akiondoa pikipiki mahali kama hapo anafanya kazi yake, na amande inayolipwa kwa njia ya haki ni halali. Anayelalamika kwa hilo hana wa kumsaidia.

Kinachopingwa hapa ni kitu kingine: amande inayoanza bila kibao na kuishia bila karatasi.

Katiba ya Kongo, kifungu cha 174, inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Na kodi ambazo jimbo, mji, komini, sekta ao sheferi zinaweza kuomba ziko katika orodha moja, iliyotolewa kwa amri-sheria namba 18/004 ya tarehe 13 Machi 2018. Kisichokuwamo ndani ya orodha si kodi, hata kikiombwa na mtu mwenye fulana ya rangi na jina la ofisi mgongoni. Kodi ya parkingi na amande pia si kitu kimoja. Kodi inalipwa kwa kutumia mahali palipotengwa kwa kuparki. Amande inalipwa kwa kosa. Mtu hawezi kulipishwa kodi ya parkingi asubuhi, kisha akapewa amande mchana kwa kuparki palepale alipolipia.

Hata utaratibu wa kulipa unajulikana. Anayeona kosa analiandika kwenye PV. Ofisi ya mapato inatoa noti ya kulipa. Pesa zinaingia banki, na mlipaji anarudi na karatasi yake. Sababu ya kutenganisha mikono hii ni rahisi: anayekukamata asiwe ndiye anayeshika pesa. Lakini tangu Januari 2025, M23 walipoingia Masisi-kati kisha Goma, barabara zimebadilisha mikono na banki za Goma zikafunga milango. Pesa zinapita mkononi. Wengine wanasema katika hali hiyo risiti haina maana tena. Ni kinyume. Pesa inapopita mkononi, karatasi ndiyo shahidi pekee anayebaki.

Swali hili si la wamotari peke yao. Amande ya motari haibaki kwa motari. Kesho yake bei ya kutoka Lushebere hadi Goma inapanda, na anayeilipa ni mama mwenye gunia. Mama naye anaongeza bei ya maharagi, ao anauza yaleyale na kurudi na kidogo. Katika familia za wakimbizi zilizokaa Lushebere bila shamba, kidogo hicho ndicho unga wa jioni. Familia nyingi zilikimbilia kambi za pembeni ya Goma kama Bulengo na Lushagala, kisha mwaka 2025 zikarudishwa njia ileile. Zimelipa kwenda, zimelipa kurudi. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS walihesabu baryeri 798 katika Kivu mbili, Kaskazini na Kusini. Amande ya parkingi isiyo na risiti ni baryeri ya 799, tofauti yake ni kwamba haina kamba.

Je, motari afanye nini? Ushauri huu ni wa mjini, kwa jambo la parkingi. Mbele ya bunduki kwenye baryeri ya msituni hakuna anayemwambia mtu abishane. Maisha ni ya kwanza. Lakini mjini, mchana, mbele ya watu, kuna maneno ambayo mtu anaweza kuyasema kwa heshima: "Shefu, nionyeshe kibao. Shefu, niandikie kosa langu kwenye PV. Shefu, nipe risiti yenye jina la ofisi, tarehe na kiasi." Asizime sauti, asitukane, asikimbie na pikipiki. Na karatasi zake ziwe sawa: plaki, karte roze, asiransi, lisansi. Motari asiye na karatasi hata moja hawezi kudai sheria, kwa maana kosa lake la pili litamfunga mdomo.

Wengi watajibu kwamba motari mmoja akiuliza kibao atapoteza siku nzima kituoni. Ni kweli. Ndiyo sababu kazi hii isiachwe kwa motari mmoja. Mashirika ya wamotari, yanayokusanya mchango kwa wanachama wao, yangepaswa kukusanya risiti pia, na kuandika katika daftari kila amande iliyolipwa bila risiti: siku, saa, mahali, kiasi. Shirika la raia likienda kwa wakubwa na daftari la mwezi mmoja linasikilizwa zaidi kuliko likienda na malalamiko ya mdomo. Na mama mwenye gunia ni shahidi. Naye anaweza kuulizwa.

Kwa upande wa wenye kushika mji, linaloombwa si kubwa. Waweke vibao mahali panapokatazwa, na waonyeshe mahali panaporuhusiwa, kwa sababu mji unaokataza kila kona bila kutoa parkingi hata moja unatafuta pesa, hautafuti usalama. Wabandike bei za amande ukutani, kwa Kiswahili, pale magari ya Masisi yanapoingia, tangu Mugunga hadi Ndosho. Mahali pengine jambo hili linawezekana. Dar es Salaam, TARURA hukusanya ushuru wa maegesho kwa namba ya malipo, na mwenye gari analipa kwa simu bila kumpa mtumishi noti mkononi. Simu za kutuma pesa ziko Goma pia, ziko hata Lushebere.

Mpaka hapo, mtu wa Lushebere anayekwenda mjini ajue mambo matatu tu: asimame kwa kushusha, asiparki palipokatazwa, na akilipa, asiondoke bila karatasi.