Kamina: Toksoplasmosi si laana, mama mwenye mimba asibebeshwe kosa

Mjini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, mama akipoteza mimba au akizaa mtoto mwenye kichwa kilichojaa maji, maneno huanza kabla machozi hayajakauka. Huyu anasema ni laana ya ukoo, yule anasema mama alikuwa na tabia mbaya, mwingine anatafuta mchawi kati ya jamaa. Wanaouliza kama kuna ugonjwa ni wachache.

Ugonjwa mmoja unaoweza kuleta mambo hayo ni toksoplasmosi. Unaletwa na kijidudu kilichotambuliwa mwaka 1908 mjini Tunis. Mtu anakipata kwa kula nyama isiyoiva vizuri, au kwa kumeza udongo, maji au mboga vyenye mavi ya paka. Mara nyingi mama hasikii kitu, au anapata homa ndogo ambayo watu wanaiita malaria. Lakini kijidudu kinaweza kumfikia mtoto tumboni na kuharibu ubongo na macho yake. Mimba ikiwa changa, mtoto haambukizwi mara nyingi, lakini akiambukizwa madhara yanakuwa makubwa zaidi.

Mjini Kinshasa, utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wanawake wenye mimba karibu 8 kati ya 10 walikuwa na alama za ugonjwa huu katika damu. Kuna watakaosema: kama wengi wanao, basi si kitu. Hilo ni kosa. Aliyeupata zamani kwa kawaida ana kinga, na mtoto wake pia. Mwenye hatari ni yule anayeupata kwa mara ya kwanza akiwa na mimba. Ndiyo maana Ufaransa iliamuru kipimo kwa wanawake wenye mimba tangu 1978. Kwetu, katika CPN mama anapimwa VVU na kaswende. Toksoplasmosi haimo katika vipimo vya kawaida. Mama atajuaje basi kama yuko kati ya wale 2?

Hata bila kipimo, kinga ipo, na sehemu kubwa ni ya jikoni. Nyama ya mbuzi ya makala iive mpaka ndani, isibaki nyekundu. Sombe na lengalenga zilizopikwa vizuri hazina shida. Matunda na mboga mbichi zioshwe kwa maji safi. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa sababu dawa ya klorini haiui mayai ya kijidudu hiki. Baada ya kulima, mikono ioshwe kwa sabuni.

Paka asiuawe. Katika nyumba ya waliokimbia vita, ndiye anayelinda unga na panya. Mavi yake yanahitaji siku 1 mpaka 5 ili yaweze kuambukiza. Yatolewe kila siku na yafukiwe mbali na kisima, na kazi hiyo ifanywe na baba au kijana, si mama mwenye mimba.

Lakini kumwambia mama aliyekimbia kijiji chake «osha, chemsha, ivisha», wakati hana maji, sabuni wala makala, ni kumcheka. Anayeteka maji katika kisima kisichofunikwa hakuchagua hatari hiyo. Wakubwa wa jimbo na mashirika yanayogawa msaada wahesabu sabuni, makala na visima vilivyofunikwa kuwa dawa ya mimba, sawasawa na vidonge. Zone za afya ziingize mafundisho haya katika kila CPN, na kipimo kipatikane kwa bei ambayo mke wa mlimaji anaweza kulipa. Dawa zipo kwa anayegunduliwa mapema.

Na baba wa nyumba, kabla ya kumfukuza mke au kwenda kwa mpiga ramli, aende naye kwanza kwa muganga. Mtoto aliyepotea harudi. Anayefuata bado anaweza kulindwa.