Chombo Kisichojua Kuhesabu

Mitambo ya michezo iliyomo majumbani leo huhesabu mabao yenyewe, huhukumu, na humkumbuka mshindi. Yafaa tujue kwamba mtambo wa kwanza wa namna hii haukuweza hata moja katika hayo.

Aliyeubuni ni Ralph Baer, mzaliwa wa Ujerumani, aliyekimbilia Marekani na wazee wake mwaka 1938 kwa dhuluma waliyofanyiwa Mayahudi. Mwaka 1966, akiwa mhandisi katika kampuni ya Sanders Associates, alijiuliza: televisheni zimejaa majumbani na watu hukaa wakizitazama tu, je, haiwezekani mtazamaji naye akaziamuru? Akaifanya kazi hiyo pamoja na wenziwe, Bill Harrison na Bill Rusch, hata kampuni ya Magnavox ikapata ruhusa ya kuutengeneza mtambo, ikauuza mwaka 1972 kwa jina la Odyssey.

Ndani yake hamkuwa na kompyuta, wala kumbukumbu, wala sauti. Zilikuwamo transista na dayodi, zikiendeshwa kwa betri sita. Katika mchezo wa tenisi ya meza, kiooni palitokea madoa matatu meupe na mstari wa wima. Mawili ni wachezaji, kila mmoja akilisogeza lake kwa kuzungusha vifundo. La tatu ndilo mpira, na mstari ndio wavu. Kadi zilizochomekwa hazikuhifadhi mchezo wowote. Ziliunganisha nyaya za ndani kwa njia mbalimbali tu. Rangi na viwanja vilichapwa juu ya plastiki nyembamba, ikabandikwa juu ya kioo.

Basi mabao alihesabu nani? Wachezaji wenyewe. Mtambo haukutoa ushahidi. Aliyefungwa alikiri kwa ulimi wake. Pasipo uaminifu, mchezo ulikwisha kwa ugomvi.

Mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ya Atari ilitoa Pong, mtambo wa kumbi za starehe, nao ukajihesabia mabao. Tangu hapo kazi ile ikazidi kumtoka binadamu.

Hatusemi kuhesabu kwa mashine ni kubaya. Lakini enyi wazazi, mara moja moja kaeni na watoto wenu, mcheze mchezo usio na mwamuzi, japo bao au mpira wa makaratasi. Mtoto asemaye "nimefungwa" ilhali hapana aliyeona, huyo amejifunza amana ambayo mtambo hauwezi kumfunza.