Kriminolojia ina Kazi Kitivoni Kwetu

Simon Fraser, chuo kikuu cha Kanada, hutoa shahada ya kwanza ya sanaa katika kriminolojia. Sanaa hapo si kuchora; ni upande wetu sisi wa lugha, historia na jamii. Huku kwetu tunaiga Wabelgiji: Leuven, Gent na Liège kriminolojia inakaa kitivo kimoja na sheria. Naona urithi huo unatunyima kitu.

Chukua neno moja. Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kukamata ni kuchukua, ni kushika, ni kufunga mtu. Na "alinikamata kwa nguvu" ni kubakwa. Kijana mbele ya OPJ anasema: "Nilikamata telefone." Aliiokota? Alipokonya? Aliiba? OPJ anasikia Kiswahili, anaandika PV kwa Kifaransa, na hakimu atasoma neno alilochagua yeye. Msichana naye akisema "alinikamata", akaishia hapo kwa haya, karatasi inaweza kubaki na mtu aliyeshikwa mkono tu. Ibara ya 18 ya Katiba ya 2006 inataka anayekamatwa (neno lilelile!) aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Hayo ni maneno anayoambiwa. Maneno anayoyasema yeye, nani anayalinda yakivuka kwenda Kifaransa?

Mwaka 1876 Lombroso, daktari wa Italia, alichapisha kitabu kilichomtafuta mhalifu kwenye mafuvu. Mwaka 1930, Chicago, Clifford Shaw akatoa The Jack-Roller, maisha ya kijana mnyang'anyi kwa maneno ya kijana mwenyewe. Kunukuu simulizi neno kwa neno na kupima maana yake ndiyo kazi tunayojifunza hapa.

Wenzetu wa sheria watacheka: mtu wa sarufi atajua nini juu ya kosa? Wana haki nusu. Bila sheria ya adhabu na takwimu tutakuwa wapiga hadithi tu, kwa hiyo masomo hayo tuyafuate kwao. Lakini kwao PV inafika ikiwa tayari kwa Kifaransa.

Naomba mwanzo mdogo: kozi moja, wao na sisi darasa moja. Tupewe ushuhuda wa kutunga kwa Kiswahili, kila mmoja auandikie PV yake, kisha tuhesabu ni makosa mangapi tofauti yamezaliwa. Kwa siku ya kwanza, kukamata kunatosha.