Neno la Toleo Hili: Piko

Kwa kawaida neno la safu hii hulichagua mimi. Safari hii neno limenichagua lenyewe, likanifikisha kliniki.

Mwezi wa Julai binamu yangu aliolewa hapa London. Ijumaa usiku mamkubwa alitupaka mikono wasichana wote: maua ya hina, na kingo za piko. Jumapili jioni nikaanza kuwashwa. Kufika Jumanne ile mistari ya piko ilikuwa imevimba kama kamba, imejaa malengelenge.

Nilipiga simu kliniki ya mtaani, nikapewa miadi ya kuzungumza na daktari kwa simu. Akaniuliza nimepaka nini. Nikajibu, "Henna." Hapo ndipo nilipokosea. Akasema hina ni majani, si kawaida kumdhuru mtu, pengine ni ukurutu. Nipake mafuta mazito na ninywe dawa ya mzio. Akauliza kama ngozi imekuwa nyekundu. Nikasema hapana. Ngozi yangu mimi haiwi nyekundu, ilikuwa imekoza kama zambarau, lakini sikujua kwamba hilo nalo ni la kusema.

Siku mbili baadaye sikuweza kukunja vidole, nikaenda mwenyewe. Nesi aliushika mkono, akautazama kwa muda. Maua yalikuwa salama, kingo ndizo zilizovimba. "Hiki na hiki ni kitu kimoja?" aliuliza. Nikampigia mamkubwa palepale.

"Shikamoo, mamkubwa. Ile piko ulichanganya na nini?"

"Marahaba, mwanangu. Si ile rangi ya nywele, ya unga? Kwani vipi?"

Nilipomfasiria nesi, akamwita daktari. Ndani ya rangi nyingi za nywele nyeusi mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwa kifupi PPD. Sheria ya Uingereza inairuhusu kwenye rangi ya nywele, isizidi asilimia 2, wala hairuhusiwi kupakwa ngozini. Hina yenyewe hutaka saa kadhaa, na huacha rangi ya machungwa inayogeuka kahawia. Kinachotoa weusi wa makaa kwa nusu saa si hina. Utotoni nilipakwa piko Idi nyingi bila shida, lakini mzio huu hujengeka hivyo hivyo, kimyakimya, na ukishaingia haukutoki.

Nilipewa krimu ya steroidi, na baada ya wiki mbili uvimbe ukaisha. Kisha nikapelekwa hospitali kupimwa. Hukubandika vibandiko mgongoni, kila kimoja na kitu chake, wakavitoa baada ya saa 48, wakausoma mgongo siku hiyo na tena siku mbili baadaye. Muda wote huo huruhusiwi kuulowesha. Palipokuwa na PPD pakafura. Sasa rangi nyeusi za nywele ni mwiko kwangu, na daktari wa meno lazima nimwambie, kwa kuwa baadhi ya dawa za ganzi zina undugu na kemikali hiyo.

Kazi ngumu ilikuwa kumweleza mamkubwa. Kupamba maharusi ndiyo riziki yake, na nilidhani atakasirika. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na yule mtoto wa miaka sita niliyempaka siku ile?" Akampigia mamake usiku uleule. Mtoto alikuwa mzima, alhamdulillahi. Tangu hapo mamkubwa anapaka hina tupu. Wateja wengine wamemkimbia kwa sababu wanataka weusi, naye anasema waende.

Kwa hivyo, wenzangu, msimu wa harusi ukifika, muulizeni anayewapaka amechanganya nini. Na ukiwashwa, usijibu kama nilivyojibu mimi. Mwambie daktari rangi ilikuwaje, ilikaa muda gani, ilitengenezwa na nini, na ngozi yako imebadilika kuwa rangi gani hata kama si nyekundu. Piga na picha siku ya kwanza.

Mikononi nina alama za kingo mpaka leo, nyeusi kidogo kuliko ngozi. Huwa nazitazama nikikumbuka kwamba nyumbani tuna maneno mawili, hina na piko, kwa vitu viwili. Mimi ndiye niliyevifanya kimoja.